Wasifu wa bibi hauandikwi na mtu mmoja
Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anasema wasifu wa marehemu unaosomwa msibani mtoto mkubwa anaweza kuuandika peke yake usiku wa kuamkia mazishi. Hapo sikubaliani kabisa, hasa aliyefariki akiwa mke, mama na bibi, kwa sababu mume, watoto na wajukuu kila mmoja anamjua kivyake. Panapoharibika ni kwenye tarehe na majina. Bibi aliyezaliwa kabla ya uhuru wa Tanganyika wa 1961 huenda hakuwahi kuwa na cheti cha kuzaliwa, na tarehe ya kwenye kitambulisho ikawa ya kukisia tu. Kama ni Mkatoliki, nendeni parokia alikobatizwa, daftari la ubatizo lina siku aliyozaliwa na majina ya wazazi wake, na ndoa huandikwa pembeni mwa mstari uleule. Watoto waandikwe kwa mpangilio wa kuzaliwa, waliotangulia wakiwemo, kisha baba au shangazi ahakiki kabla hamjachapa, maana mtoto akirukwa mbele ya waombolezaji, kuombana radhi baadaye hakusaidii. Ugonjwa, mistari miwili inatosha. Nafasi kubwa wapeni wajukuu: lile fundo la pindo la kanga alimofungia sarafu za maandazi linamrudisha bibi mbele yetu kuliko orodha ya hospitali alizolazwa. Kurasa mbili za A4, herufi za ukubwa wa 16, kwani msomaji atasoma akilia. Kwenu nani huhakiki majina?