Tashkent katika World of Warships: kasi inaisaidia timu au inaikimbia?

Katika World of Warships, gemu ya mtandaoni ya vita vya meli, timu mbili zenye wachezaji 12 kila moja hugombea maeneo ya kuteka. Kazi ya kuyaingia kwanza, na kumfichua adui ili meli kubwa zipate cha kupiga, huziangukia destroya, manowari ndogo zenye kasi. Ndiyo maana mtu akija na Tashkent, destroya ya Kisovieti ya daraja la 9, baadhi ya wenzake huguna kabla hata risasi ya kwanza haijalia.

Wana sababu. Tashkent ni ndefu, inaonekana kutoka mbali mno kwa chombo cha aina yake, na kona yake ni pana. Ikikutana kwa karibu na destroya ya Kijapani, yenyewe ndiyo huonekana kwanza. Kwa hiyo mchezaji wake hukaa nyuma, adui anateka eneo bila jasho, na pointi zinahesabika upande wa pili. Timu yenye Tashkent mbili bila destroya nyingine imeingia vitani imefumba macho.

Lakini kuipima kwa hilo tu ni kuionea. Kinga yake ni kasi, pamoja na muda ambao kombora la adui linakaa hewani. Ukiwa kilomita 12 kutoka kwa meli kubwa, adui hulenga mahali anapodhani utafika; unapinda kidogo, unapunguza mwendo, unaongeza, na makombora yake yanachimba maji matupu. Huku nyuma mizinga yako 6 ya milimita 130, ambayo makombora yake huruka karibu kunyooka, inamwashia moto mmoja baada ya mwingine. Moto wenyewe unauma, ila kero ndiyo silaha hasa. Meli tatu zikiacha shughuli zao kukuwinda, upande wa pili wa ramani wenzako wanapumua, na hilo halionekani kwenye jedwali la matokeo.

Tashkent halisi ilijengwa Livorno, Italia, na kuanza kazi mwaka 1939. Kwenye majaribio ilizidi maili za baharini 42 kwa saa. Mwishoni mwa Juni 1942, chini ya nahodha Vasily Yeroshenko, ilitoka bandari ya Sevastopol iliyozingirwa ikiwa na zaidi ya watu 2,000, majeruhi na raia, huku ndege za Ujerumani zikiiandama baharini. Ilifika Novorossiysk taabani. Tarehe 2 Julai ndege zikaikuta imetulia bandarini, zikaizamisha. Kwenye gemu nako ni hivyohivyo: ikisimama, imekwisha.

Mimi naona lawama nyingi zinatokana na wanaoitumia vibaya dakika za mwanzo. Wanakimbilia pembeni mwa ramani kuchoma meli kubwa, wakati nafasi yake ni nyuma kidogo ya destroya mwenzake anayejificha: huyo akimfichua destroya wa adui, Tashkent inammaliza. Meli zikishapungua, ndipo kasi ya kuteka eneo la mbali inapogeuka dhahabu.

Kikwazo ni kwamba meli unaichagua kabla hujajua utapangwa na nani, kwa hiyo ukiingia peke yako unacheza kamari na timu nzima. Ukiingia na marafiki, mmoja wao achukue destroya ya kujificha.