Nyanya Zikae Mbele ya Nyumba

Pita mitaa ya Jinja, hapa Uganda, yenye nyumba za kampaundi, utaona mpangilio ule ule. Mbele haibiskasi, bogenvilia na kana, za kumpendeza mgeni. Nyanya ziko nyuma, karibu na sigiri na kamba ya nguo, kama jamaa wa kijijini ambaye hatutaki aonekane. Mimi nasema tugeuze. Mahali pazuri pa nyanya ni ukutani kwa baraza, chini ya upenu wa bati. Maua yaende uani na kwenye uzio.

Sababu ni mvua. Mafunzo mengi ya bustani tunayotazama kwenye simu yanatoka nchi za baridi, kwa hiyo wanahangaika na jua na barafu. Jua sisi tunalo mwaka mzima. Kinachotumalizia nyanya ni majani kukaa na maji. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, zinaleta ugonjwa wa bakajani chelewa: doa la majimaji pembeni ya jani, kisha weusi, na kabla hujajua cha kufanya shina zima limeoza. Juu ya hayo, matone makubwa hurusha udongo kwenye majani ya chini. Mkulima wa biashara atapiga dawa, afanyeje? Ndiyo maana nyanya nyingine sokoni zina lile vumbi ambalo muuza rolex, ile chapati ya kukunjia mayai, anafuta kwa shati lake kabla ya kukatia. Lakini wewe mwenye miche michache nyumbani, dawa ya kwanza ni bati lako.

Si kila ukuta unafaa. Huku kwenye ikweta jua hupita upande wa kaskazini kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba, halafu linahamia kusini. Ukuta wa kaskazini au wa kusini utakaa kivulini nusu mwaka. Wa mashariki ndio wangu: jua la asubuhi huingia kwa mshazari chini ya upenu miezi yote na kukausha umande mapema. Panda ndani ya mstari wa matone, pale udongo unapobaki mkavu hata mvua ikinyesha, na ufunge kila mche kwenye kijiti.

Gharama yake ni kumwagilia, na hapo uvivu hauna nafasi. Leo jagi zima, halafu siku nne hakuna kitu, nyanya zitaoza kitako au zipasuke. Maji kidogo ya mara kwa mara, shinani, si juu ya majani. Weka matandazo ya nyasi kavu.

Bati halizuii mnyauko wa bakteria, maana ule unakaa udongoni. Mche uko kijani kabisa, mchana unalegea, baada ya siku chache umekufa. Kata kipande cha shina, kitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe wa maziwa unashuka, basi, usirudishe nyanya pale kwa miaka. Tumia ndoo kuukuu zilizotobolewa, zenye udongo wa kwingine.

Maua nayo siyachukii, jamani. Haibiskasi hainyong'onyei kwa mvua, na bogenvilia ikishapata nguvu inachanua vizuri zaidi kiangazi, ikinyimwa maji. Yakiwa uzioni yanapata nafasi ya kutanuka, na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao wakiyafuata hayo maua watapitia na ya nyanya, wayatikise hadi chavua idondoke. Nyuki wa asali hawajui kazi hiyo.

Kichaka kimoja tu nakiweka mbali: kile ambacho maua yake huanza zambarau na kuishia meupe, ambacho wengi hukiita jana, leo na kesho. Ni ukoo mmoja na nyanya, biringanya na pilipili, kwa hiyo vinaweza kuambukizana magonjwa. Changu kiko kona ya geti, na mgeni anakiona vizuri kabla hajafika kwenye nyanya.