Diane Abbott na miezi mitano ambayo Labour haijaieleza

Kwamba Diane Abbott, mbunge mweusi wa chama cha Labour nchini Uingereza, alikosea, hilo halina ubishi. Aprili 23, 2023 gazeti la Observer la Uingereza lilichapa barua yake fupi iliyosema kuwa Wayahudi, Waayalandi na watu wa jamii ya Travellers, yaani wenye asili ya maisha ya kuhamahama, hudharauliwa, ila hawaishi maisha yao yote chini ya ubaguzi wa rangi. Baada ya yale yaliyowapata Wayahudi Ulaya, kauli hiyo haina pa kusimamia. Siku hiyohiyo aliomba radhi na kuifuta, na siku hiyohiyo Labour ikamtoa kwenye kundi la wabunge wake.

Chama kilikuwa na sababu. Oktoba 2020 Tume ya Usawa na Haki za Binadamu iliikuta Labour imevunja sheria katika suala la chuki dhidi ya Wayahudi, na kwamba ofisi ya kiongozi iliingilia malalamiko. Makosa hayo yalikuwa ya enzi ya uongozi wa Jeremy Corbyn, na Abbott alikuwa mtu wake wa karibu. Kumwachia hivihivi kungeonekana ni kurudi kulekule.

Lakini hoja hiyo inatetea adhabu tu. Yaliyofuata haiyagusi.

Uchunguzi ulimalizika Desemba 2023 kwa onyo rasmi. Februari 2024 akahitimu mafunzo aliyotakiwa kuyapata: kozi ya mtandaoni ya saa mbili. Saa mbili! Hata hivyo hakurudishwa hadi Mei 28, 2024, uchaguzi ukiwa umeshaitishwa na BBC ikiwa imefichua kwamba jalada lilifungwa zamani. Siku chache kabla ya hapo Keir Starmer, kiongozi wa Labour, alikuwa bado anauzungumzia mchakato huo kama jambo lisilokwisha. Kwa mbunge anayetaka kugombea tena, miezi mitano ya namna hiyo ni adhabu ya pili ambayo hakuna kikao kilichoitamka.

Na angalia kilichotokea katikati. Machi 2024 ilibainika kuwa Frank Hester, mfadhili mkubwa wa chama pinzani cha Conservative, aliwahi kusema mwaka 2019 kwamba Abbott humfanya mtu atake kuwachukia wanawake weusi wote, na kwamba apigwe risasi. Labour ikapiga kelele fedha zake zirudishwe. Bungeni, suala hilo likijadiliwa, Abbott alisimama mara 46 akiomba kusema na Spika hakumwita. Chama kilichokuwa kikimlilia hadharani ndicho kilichokuwa kimemwacha nje, onyo lake likiwa limeshatolewa.

Watetezi wa Labour hujibu kwamba uchunguzi ni kazi ya makao makuu, na kumrudisha mbunge ni uamuzi wa mnadhimu mkuu, anayesimamia nidhamu ya wabunge wa chama. Ni kweli, na tatizo liko hapohapo: jalada likishatoka kwa wachunguzi, linaingia mahali ambapo siasa ndiyo inayopanga muda.

Je, ni kwa sababu ni mwanamke mweusi? Sithubutu kusema ni hilo tu. Neil Coyle, mbunge mwingine wa Labour na mzungu, naye alisimamishwa akakaa nje tangu Februari 2022 hadi Mei 2023. Ila Abbott hakuingia kwenye mchakato huu akiwa mtu wa kawaida. Mwaka 2017 Amnesty International ilipopima matusi waliyotumiwa wabunge wanawake kwenye Twitter kuelekea uchaguzi, karibu nusu yote yalimwangukia yeye, mtu mmoja. Ripoti ya wakili Martin Forde ya Julai 2022, iliyoagizwa na chama chenyewe, ilikuta maofisa wa Labour wenyewe wakiandikiana juu yake kwa karaha iliyobeba dhana za kibaguzi. Chama kinachoyajua hayo kilipaswa kuwa makini zaidi na tarehe zake.

Julai 2025 alisimamishwa tena, baada ya kuiambia BBC kwamba hajutii hata kidogo sakata lile la 2023. Adhabu hiyo naielewa zaidi kuliko ile ya kwanza, maana safari hii alijua anachokisema. Ninachokidai ni kile kilichokosekana mwanzo: siku uchunguzi unapofungwa itangazwe, na mnadhimu mkuu awekewe siku za kuamua, kisha atoe sababu zake kwa maandishi.