Pip alipotezwa, au alijipoteza?

Pip ana miaka saba hivi anapoiba kwa mara ya kwanza. Mkesha wa Krismasi mfungwa aliyetoroka amemkamata makaburini na kumtisha, na alfajiri mtoto ananyata hadi stoo ya dada yake. Anabeba chakula, brandi kidogo na pai ya nguruwe, kisha anachukua tupa ya shemeji yake Joe, mhunzi wa kijiji, ili yule mfungwa akate pingu. Anakimbia kwenye ukungu wa vinamasi vya Kent akiamini kwamba hata ng'ombe wanaomkodolea macho wanamwita mwizi.

Huo ndio mwanzo wa Great Expectations, riwaya ambayo Charles Dickens aliitoa kwa vipande vya kila wiki kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861. Tukilitazama vizuri tendo lile, huenda ndilo safi kuliko yote atakayoyafanya kwa miaka mingi: amemlisha mtu mwenye njaa. Lakini ndilo linalomnyima usingizi. Baadaye atakapomtendea Joe mambo ya aibu kweli kweli, atajisikia vibaya kidogo, kisha atakula chakula chake cha jioni. Dhamiri ya Pip inapiga kelele pasipostahili na kunyamaza panapostahili. Ndiyo maana swali la nani aliyemharibu si jepesi kama linavyosimuliwa.

Simulizi lililozoeleka ni hili: mtoto mwema wa kijijini anapata fedha kutoka kwa mfadhili asiyejulikana, anakwenda London kufundishwa uungwana, jiji linamharibu, anafilisika, anatubu. Simulizi hilo linakwama siku ya safari. Pip bado hajaiona London hata kwa mbali, lakini tayari amemwomba Joe asimsindikize hadi kwenye gari la farasi. Mwenyewe anakiri, akiwa mtu mzima, kwamba aliogopa jinsi wawili hao wangeonekana wakisimama pamoja. London ilimpokea akiwa tayari ameharibika.

Basi ni nani aliyetangulia? Upande wa utetezi unatupeleka Satis House, jumba la Miss Havisham, tajiri aliyeachwa na mchumba siku ya harusi, akasimamisha saa zote za nyumba na kubaki ndani ya gauni lake la bibi harusi mpaka likageuka manjano. Anaagiza aletewe mtoto wa kiume aje kucheza. Pip anakalishwa kucheza karata na Estella, msichana wa rika lake anayelelewa kwa kusudi moja: avunje mioyo ya wanaume. Estella anamcheka kwa namna anavyozitaja karata, kisha anaicheka mikono yake iliyokakamaa na viatu vyake vizito. Baadaye anampa chakula uani bila kumtazama, kama anayemtupia mbwa aliyekosa adabu. Mtoto anajificha, anaupiga ukuta mateke, anajivuta nywele na kulia.

Kabla ya siku ile Pip hakujua kwamba mikono inaweza kuwa kosa. Alikuwa akingoja kwa hamu siku atakayoitwa mwanagenzi wa Joe. Anaporudi nyumbani anawaona watu wake wote kwa macho ya Estella, na macho hayo hayamtoki tena. Mtoto hachagui kufundishwa aibu. Estella mwenyewe, akiwa mkubwa, anamwambia Miss Havisham kwamba yeye ni kile alichofanywa kuwa, hivyo mlezi achukue sifa zote na lawama zote. Ikiwa tunamkubalia Estella utetezi huo, na wasomaji wengi humkubalia, kwa nini tumnyime Pip?

Ushahidi mwingine wa utetezi uko kwa Joe, na mara nyingi hurukwa kwa sababu Joe anapendwa. Dada yake Pip alimlea kwa kipigo, na Joe, mwenye nguvu za kufua chuma, alikuwa akitazama. Ana sababu zake: baba yake alikuwa akimpiga mama yake, naye aliapa moyoni asije akamwonea mwanamke. Akimtetea mtoto, anasema, mtoto alipigwa zaidi. Naziheshimu sababu hizo. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu mwema kuliko wote katika maisha ya Pip alikuwa rafiki wa kupigwa pamoja naye, hakuwa ngao. Mtoto wa namna hiyo akiona jumba kubwa lenye watu wasioogopa mtu, si ajabu akautamani ukubwa.

Dickens mwenyewe hakuwa mgeni katika aibu hiyo. Mwaka 1824, akiwa na miaka 12, alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu London, na baba yake akafungwa Marshalsea kwa sababu ya madeni. Habari hizo aliwaficha karibu watu wote maishani mwake; umma ulizijua baada ya kifo chake cha mwaka 1870. Mtu aliyeificha mikono yake kwa muda wote huo hawezi kumwandika Pip kwa dharau.

Upande wa mashtaka nao una siku yake kubwa, ile ambayo Joe anafika London kumtembelea Pip kwenye vyumba vyake vya Barnard's Inn. Pip anapopata habari ya ugeni huo anawaza kwamba kama angeweza kulipa fedha Joe asije, angelipa. Joe anaingia amebanwa na suti, hajui aiweke wapi kofia yake. Anaiegesha juu ya meko nayo inaanguka, anaidaka, inaanguka tena. Mara anamwita Pip kwa jina, mara "bwana". Na Pip, badala ya kumtuliza mgeni wake, anamkasirikia! Kinachonichoma zaidi ni kwamba hakuwa akiogopa macho ya Herbert, rafiki anayeishi naye, kwa maana Herbert ni mtu wa heshima. Alimwogopa Drummle, kijana mjinga mwenye kiburi ambaye yeye mwenyewe anamdharau. Pip analisema wazi: ubaya wetu mkubwa mara nyingi tunautenda kwa ajili ya watu tunaowadharau.

Hapo Estella hayupo, Miss Havisham hayupo. Kuna mtu mzima anayejua kabisa anachofanya.

Mambo hayaishii hapo. Anaporudi mji wa nyumbani anajitungia visingizio vya kulala Blue Boar, nyumba ya wageni, asilale kwa Joe. Kisha, akifika London, anamtumia Joe samaki na pipa la chaza kama fidia ya kutokwenda kumwona. Siku hizi angetuma pesa kwa simu. Na baada ya mazishi ya dada yake anamwahidi Biddy, binti aliyemsaidia kusoma, kwamba sasa atakuja kumwona Joe mara kwa mara. Biddy ananyamaza. Akibanwa anauliza tu kama Pip ana hakika atakuja. Pip anahamaki na kumhubiria kuhusu tabia mbaya za wanadamu. Ninamwona Biddy kuwa shahidi bora wa mashtaka kuliko Joe, kwa sababu Joe angemsamehe yeyote.

Watetezi watajibu kwamba haya yote tunayajua kwa sababu Pip ametuambia. Yeye ndiye msimulizi, yeye ndiye anayejishtaki, na mtu aliyepotea kabisa hasimulii hivyo. Hoja hiyo ina uzito, lakini ninaipokea kwa tahadhari. Kujilaumu kwa lugha tamu ni rahisi kuliko kupanda gari la farasi na kwenda. Samaki na chaza vilikuwa toba pia.

Kinachomwokoa Pip machoni pangu ni vitendo viwili. Cha kwanza anakifanya angali katika siku zake za anasa: anatumia sehemu ya fedha zake kumnunulia Herbert ubia katika biashara, kwa siri, bila kutaka shukrani. Cha pili ni Magwitch, yule mfungwa wa makaburini, anayerudi kutoka Australia na kufichua kwamba yeye ndiye mfadhili. Mwanzoni Pip anaona kinyaa hata kuguswa naye. Lakini anakataa kuendelea kuzila fedha zake, anajaribu kumtorosha, na wakati wa kesi anasimama kando ya kizimba akiwa amemshika mkono mbele ya watu wote. Mali ya Magwitch itachukuliwa na serikali; Pip anamficha hilo ili mzee afe akiamini amemwachia kijana wake utajiri. Aliyewahi kuona haya kuonekana na mhunzi sasa anaonekana na mfungwa aliyehukumiwa kifo. Toba ya aina hiyo siitilii shaka.

Kwa Joe, hata hivyo, deni linabaki wazi. Pip anapougua na kudaiwa, Joe anamuuguza, anamlipia deni na kuondoka alfajiri bila kumwamsha. Pip anamfuata kijijini akiwa na mpango wa kuomba radhi na, akiwa huko, kumchumbia Biddy, sasa kwa kuwa mambo mengine yote yameharibika. Anakuta siku hiyohiyo Joe na Biddy wameoana. Anawaombea heri, anaahidi kurudisha fedha, anakwenda kufanya kazi katika tawi la kampuni ya Herbert huko Misri. Barua anaandika. Kuwaona kwa macho yake, anawaona baada ya miaka 11.

Wasomaji wamebishana kwa zaidi ya karne kuhusu mwisho wa riwaya hii, kwa kuwa Dickens aliubadilisha kwa ushauri wa rafiki yake Edward Bulwer-Lytton ili Pip na Estella waelekee kuwa pamoja. Mimi ningependa zaidi kumsikia Pip akieleza kwa nini safari ya kutoka Cairo hadi Kent ilichukua miaka 11.