Anza na Bia, Pointi Zifuate

Mwaka juzi nilimaliza pointi zangu zote za ndege kwenda Paris. Paris ni mji mzuri, lakini sikuwa na haja nao. Nilifungua programu kwenye simu, nikaona tiketi inayokula pointi chache kuliko zote ni ya huko, nikabonyeza. Pointi za miaka minne ya safari za kazi ziliisha kabla chai haijapoa. Na miaka yote hiyo nilikuwa nawaambia watu kwamba ipo siku nitakwenda Ulaya kunywa bia pale inapopikwa.

Kilichookoa safari ile ni siku moja tu. Nilidamka, nikapanda treni, nikashuka Brussels, Ubelgiji, kwenye stesheni ya Midi, nikatembea dakika kama kumi mpaka Cantillon, kiwanda kidogo kilichoanza mwaka 1900. Kwa nje ungedhani ni godauni. Ndani unapanda ngazi mpaka darini, na huko kuna beseni la shaba nyekundu, pana kama chumba cha kulala, ila kina chake hakifiki magotini. Usiku wa baridi wanapandisha humo togwa ya moto ya shayiri na ngano, wanaiacha wazi mpaka asubuhi. Hawatii hamira. Chachu iliyomo hewani ndiyo inayoingia na kufanya kazi, kisha bia inahamia kwenye mapipa ya mbao. Ile wanayoiita gueuze ni mchanganyiko wa bia ya mwaka mmoja, ya miaka miwili na ya mitatu.

Nikamkumbuka bibi. Sisi ni watu wa Moshi, na bibi alikuwa mpishi wa mbege. Anachemsha ndizi mbivu, anaziacha siku kadhaa mpaka zinachacha zenyewe, anachuja, halafu anachanganya na uji wa kimea cha ulezi. Hamira ya dukani hakuijua. Uchungu aliupata kwenye gome la msesewe, kama wenzetu wanavyoupata kwenye hopsi. Nilipoonja gueuze, ule ukali wa kukunja uso, hakuna aliyehitaji kunifafanulia. Mzungu aliyekaa pembeni yangu aliirudisha glasi yake mezani. Mimi niliongeza.

Tangu siku ile nina msimamo mmoja: anayetaka safari ya bia achague kwanza glasi anayotaka kuishika, atafute iko mji gani, na pointi aziingize mwisho kabisa, kama nauli. Tukianza na pointi, zinatupeleka kwenye viti vilivyokosa watu.

Mimi natumia Flying Blue, mpango wa pointi wa mashirika ya ndege ya Air France na KLM, kwa sababu KLM inatua KIA, uwanja wa Kilimanjaro, na kwetu ni jirani. Uzuri wake mkubwa kwa safari ya namna hii ni kwamba tiketi ya pointi unaweza kuikata ya upande mmoja. Unaingilia mji huu, unatokea mwingine, wala hulazimiki kurudi ulikoanzia. Lakini idadi ya pointi inapanda na kushuka kutegemea siku, kwa hiyo ukisogeza safari siku mbili tatu unaweza kuokoa nyingi. Kodi na tozo utalipa kwa fedha taslimu, na hizo si kidogo. Zipigie hesabu kabla hujaanza kuwaambia watu unasafiri bure. Na usizilaze pointi: miaka miwili ikipita hujaruka, zinaweza kufa.

Kuhusu Oktoberfest, ile sherehe kubwa ya bia ya Munich, Ujerumani, kila ninayemwambia mpango wangu ananiuliza kama nakwenda huko. Hapana. Vyumba vya Munich wakati ule, yaani kuanzia Septemba mpaka mwanzoni mwa Oktoba, bei yake inatisha hata ukilipa kwa pointi, na bia inayouzwa kwenye mahema ni ya viwanda sita vya mji huohuo, ambavyo unavikuta mwaka mzima. Ningependa siku zangu za Ujerumani nizipeleke Bamberg.

Bamberg ni mji mdogo, na pale kuna Schlenkerla, baa ya zamani inayopika bia ya moshi. Kimea chao kinakaushwa juu ya moto wa kuni za mti wa beech, moshi unaingia ndani ya punje, na bia inatoka nyeusi yenye harufu ya nyama iliyoning'inia juu ya moto. Zamani kimea cha sehemu nyingi kilikaushwa kwa moto wa kuni, kwa hiyo bia za namna hii zilikuwa za kawaida. Njia mpya zilipokuja, karibu kila mtu akaacha. Hawa hawakuacha. Rafiki yangu aliniletea chupa moja, nikampelekea mama. Alinusa tu, hakunywa, akasema, "Mwanangu, hiki kimea kilikaa darini juu ya jiko." Mama hajawahi kufika Ujerumani.

Kwa hiyo njia yangu ni hii. Naingilia Brussels, nalala siku tatu. Treni mpaka Köln, Ujerumani, ni kama saa mbili. Hapo nakaa usiku mmoja tu, kwa ajili ya bia yao ya Kölsch, inayokuja kwenye glasi nyembamba za mililita 200. Mhudumu anakuletea nyingine bila kuombwa, na anahesabu kwa kuchora mistari kwenye kibao cha karatasi kinachowekewa glasi. Ukitosheka, unakifunika kibao juu ya glasi. Halafu Bamberg, siku nne. Kisha treni kupitia Cheb mpaka Plzeň, nchini Cheki, siku mbili, na ndege nitaipandia Prague.

Plzeň siwezi kuiruka. Karibu kila bia ya njano na angavu tunayokunywa Dar, Nairobi au Kampala ina asili yake hapo. Mwaka 1838 wenyeji walichoka na bia mbovu mpaka wakamwaga mapipa 36 mbele ya jumba la mji. Wakajenga kiwanda kipya, wakamwita mpishi kutoka Bavaria, Josef Groll, na mwaka 1842 akawatolea pilsner ya kwanza. Chini ya kiwanda kuna mahandaki ya kilomita kadhaa, na mgeni anakingiwa bia ambayo haijachujwa, moja kwa moja kutoka pipa la mwaloni. Hiyo haifiki kwetu kwa njia yoyote.

Sasa viza, maana hapa ndipo mipango mingi ya Watanzania inapovunjikia. Viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, unaiomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, ndiyo maana Bamberg nimeipa siku nne, ili Ujerumani ipite nchi nyingine waziwazi na afisa asipate la kuuliza. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Peleka mapema. Na kabla hujakata tiketi ya pointi, soma masharti ya kuifuta, ujue pointi zako zitarudi kwa ada gani viza ikikataliwa.

Nimebakiza jambo la tarehe. Cantillon wanapika miezi ya baridi tu, kuanzia mwishoni mwa Oktoba mpaka mwanzoni mwa Aprili, kwa sababu joto likizidi hewa inaleta vijidudu vibaya. Nataka safari hii nilikute lile beseni likifuka mvuke, kwa hiyo natafuta kiti cha wiki ya pili ya Machi. Mama ameshaagiza chupa ya gueuze. Anasema hiyo ataionja.