Barua ya juri si kesi, usiitupe

Wiki iliyopita binti mmoja wa kwetu hapa Houston alinipigia simu saa nne usiku, sauti inamtetemeka. "Dada, mahakama inaniita. Wallahi sijafanya kitu!" Nikamwambia, "Tulia, mdogo wangu. Ipige picha hiyo barua unitumie." Ilikuwa wito wa juri, yaani kwenda kukaa na raia wenzake waamue kesi ya mtu mwingine.

Hofu yake naielewa. Kwetu Tanzania ukionekana tu umeshika samansi, mtaa mzima umeshajua una kesi. Hapa Texas jina lako limeokotwa na kompyuta kwa bahati nasibu kutoka orodha ya wapiga kura na ya wenye leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo. Ndiyo maana hata wenye grinikadi huletewa, ingawa sheria haiwaruhusu kukaa kwenye juri. Kama ndio wewe, jaza mahali panapouliza uraia, sema kweli kwamba si raia, uirudishe. Usijifanye raia hata kidogo, maana uongo huo unaweza kukufukuzisha nchini. Na wewe uliyekwisha kula kiapo cha uraia, usijidai si raia ili ukwepe. Jina lako litapelekwa kwa msajili wa wapiga kura.

Ila akikupigia mtu simu kwamba umekosa juri na ulipe faini sasa hivi kwa kadi za zawadi, kata simu. Huyo ni tapeli.

Mimi niliitwa mwaka juzi. Tulijaa ukumbini tangu asubuhi, kila mtu na namba yake, mawakili wa pande zote mbili wakituhoji: nani ana ndugu polisi, nani amewahi kuibiwa, nani anaona hawezi kutenda haki. Hadi mchana tulikuwa tumechujwa tukabaki sita, kwa sababu kesi ilikuwa ndogo. Zile kubwa huwa na watu kumi na wawili.

Kesi yenyewe sitaisimulia, ila kuna jambo moja sijalisahau. Shahidi mmoja alikuwa kijana mhamiaji, na kila alipoulizwa alijibu akitazama chini, vidole vinacheza na kifungo cha shati. Tulipofungiwa chumbani kujadili, mzee mmoja akasema yule kijana anadanganya, mbona hamtazami mtu machoni. Wawili wakatikisa kichwa kukubali. Moyo ulinienda mbio. Nikawaambia: nilikokulia mimi, kumkodolea macho mtu mzima aliyekuuliza swali ni utovu wa adabu. Mama yangu angenipiga kofi. Chumba kikanyamaza. Kisha yule mzee akasema, "Basi turudi kwenye alichokisema." Tukayapitia maneno yake upya, moja moja, tukayalinganisha na ya wenzake.

Nasema hivi kwa uchungu: kama siku ile barua ningeitupa kwenye taka, nani angeyasema hayo mle ndani? Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Batson, iliwakataza waendesha mashtaka kuwaondoa watu kwenye juri kwa sababu ya rangi yao. Lakini ulinzi huo hautusaidii kitu kama hatumo ukumbini tangu asubuhi. Na wito huu una uzito kuliko wazee wa baraza tuliowazoea Tanzania. Kule wazee hutoa maoni, na jaji wa Mahakama Kuu halazimiki kuyafuata. Hapa, tulipokubaliana sote sita, uamuzi ukawa wetu.

Malipo lakini ni aibu, na hapo simlaumu anayelalamika. Tangu Septemba 2023 kiwango cha chini Texas ni dola 20 siku ya kwanza na dola 58 kila siku inayofuata. Zamani ilikuwa dola 6 siku ya kwanza na dola 40 kila siku inayofuata. Mwajiri haruhusiwi kukufukuza kazi kwa sababu ya juri, lakini wa kampuni binafsi halazimiki kukulipa zile saa ulizokosa. Watu wetu wengi wanaishi kwa malipo ya saa: wanaofungasha mizigo maghalani, wanaohudumia wazee majumbani. Siku tatu za kesi ni sehemu ya kodi ya nyumba. Serikali inayotaka juri yenye watu wa kila aina imlipe mtu mshahara wa siku nzima. Wabunge wa jimbo tunawapigia kura, tuwaambie hivyo.

Yule binti ana mtoto wa miaka minne. Nikamweleza kwamba mwenye mtoto chini ya miaka 12 asiye na wa kumwachia anaweza kuomba asamehewe, na hakuna atakayemlaumu. Jumatatu akapiga tena. Mama mkwe wake amekubali kubaki na mtoto. Alitaka tu kujua gari ataegesha wapi.