Moyo wa Mwanariadha na Hofu ya Kusimama

Mkimbiaji wa masafa marefu anavuka mstari wa mwisho, anasimama na mikono kiunoni. Uso unampauka, magoti yanalegea, yuko chini. Watazamaji hupiga kelele za maji. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba misuli ya miguu, iliyokuwa ikikamua damu na kuirudisha moyoni kila hatua, imetulia ghafla wakati mishipa bado imetanuka. Mlaze, mwinue miguu. Baada ya dakika chache anaulizia medali yake.

Picha hiyo imewapa nguvu wanaosema mazoezi huudhoofisha mwili katika kazi ya kusimama. Hoja yao haikuokotwa njiani. Mwaka 1991, mtafiti wa moyo Benjamin Levine na wenzake walionyesha kwamba ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini, ya wanariadha wa mbio ndefu hunyumbuka zaidi, kwa hiyo hupokea damu nyingi. Lakini moyo huohuo, damu inayourudia ikipungua kidogo tu, kiasi unachosukuma kwa kila pigo hushuka kwa kasi. Na mtu yeyote akisimama, nusu lita ya damu au zaidi huteremka chini ya kifua. Hapo nakubaliana nao bila ubishi.

Ninapoachana nao ni pale wanapoichukua hoja ya watu waliojifua kwa miaka na kumvisha mtu anayeshika ukuta kila akitoka kitandani. Huyo moyo wake haujakuwa mkubwa kupita kiasi. Mara nyingi ni mdogo, na damu yake yenyewe ni pungufu. Kulala sana huzidisha mambo: mwaka 1966, huko Dallas, Marekani, vijana watano walilazwa kitandani wiki 3, na walipopimwa tena miaka 30 baadaye ilionekana kwamba zile wiki 3 ziliwapunguzia uwezo wa kufanya kazi ngumu kuliko miongo mitatu ya kuzeeka.

Chukua wagonjwa wa POTS, hali ya moyo kwenda mbio mtu akisimama, ambao mapigo ya moyo huruka kwa 30 au zaidi kwa dakika ndani ya dakika 10 za kusimama, bila shinikizo la damu kuporomoka. Mwaka 2010, Qi Fu, Levine na wenzao walitoa matokeo ya miezi 3 ya mazoezi: kati ya 19 waliomaliza, 10 hawakuhesabika tena kuwa na ugonjwa huo. Namba hii imenisumbua kwa muda. Walioanza walikuwa 25. Ukiwahesabu wote, nusu na ushee inageuka kuwa wawili kati ya kila watano. Tena walishauriwa kuongeza maji na chumvi, kwa hiyo sifa zote haziwezi kwenda kwa mazoezi. Baadaye mpango huohuo ukajaribiwa kwa watu 251 wakiwa chini ya madaktari wao wa kawaida. Wakamaliza 103, na kati yao asilimia 71 wakatoka kwenye kundi la wagonjwa. Wapinzani huziona namba hizi kama ushahidi kwamba tiba haivumiliki. Mimi naona swali jingine: kwa nini wengi waliacha?

Wiki za kwanza humchosha mgonjwa kuliko ugonjwa wenyewe, na huo ndio wakati anaposadiki kwamba mazoezi yanamuua. Mwingine huambiwa tu "fanya mazoezi", akaenda kukimbia, akaanguka, akaapa kutorudia. Mpango wa Fu na Levine haukuanza hivyo. Ulianza kwa kuogelea, mashine ya kupiga makasia na baiskeli ya kuendesha ukiwa umeegemea nyuma, dakika 30 hadi 45, mara chache kwa wiki, bila kumdai mtu asimame. Mazoezi ya wima yaliingizwa polepole, kwa wengi mwezi wa pili au wa tatu, moyo ukiwa umeshaanza kukua na damu kuongezeka.